Waya Mweusi

Mechi mbili nilizopoteza sikufungwa na mtu. Nilifungwa na nyumba yetu.

Kombe la Kanda ya Ziwa huchezwa kwenye kompyuta, kila mtu akiwa kwao. Mmoja yuko Bukoba, mwingine Musoma, mwingine Geita, na mpira mmoja unatembea kati yenu kwa mtandao. Kanuni ngumu ni moja tu: ukikatika, mechi ni ya mwenzako, hata kama ulikuwa unaongoza mabao matano. Mara ya kwanza nilikatika dakika ya sitini na moja. Mara ya pili zilibaki dakika nne, naongoza tatu kwa moja. Wachezaji wangu wakaganda uwanjani kama watu wanaopigwa picha ya harusi, halafu skrini ikawa nyeusi. Nilikaa mbele ya ule weusi nikiwa bado na sare ya kazini. Sikulia. Hata kulia kunataka nguvu.

Kazi yangu ni kuandikisha wanafunzi kwenye chuo kimoja huko Nyegezi. Muhula ulikuwa unaanza, na wiki nzima nilisimama dirishani nikiwaambia watu kwamba picha mbili za pasipoti maana yake ni picha mbili. Jioni narudi Mkolani miguu imevimba na sauti imekauka, na mama akiniuliza habari za kazi namjibu kwa kichwa. Mchezo ule ndio kitu pekee nilichokuwa nakifanya bila mtu kunituma. Sasa ilibaki mechi moja, Jumamosi saa kumi jioni, mimi na Luhaga wa Sengerema. Mshindi angeingia kwenye timu ya watu wanne ya kanda na kwenda Dar es Salaam. Tulianza thelathini na wawili, wanawake tukiwa watatu. Wawili walishatoka.

Luhaga sijawahi kumwona. Namjua kwa maneno tu, na maneno anayo.

"Dada Favour," aliniandikia Alhamisi, "nasikia mtandao wa kwenu unatembea na mkongojo. Jumamosi nikusubiri, au nilale?"

"Lala," nikamjibu. "Nitakuamsha na mabao."

Halafu nikampigia simu Elias, fundi aliyetufungia mtandao miaka miwili iliyopita.

*

Elias alikuja Ijumaa jioni na begi lake la mgongoni, akavua viatu mlangoni, akamwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Utakunywa chai."

"Nitakunywa, mama. Kwanza nioneshwe mgonjwa. Ruta iko wapi?"

Mimi na mama tulitazama upande mmoja: kwenye kabati la vioo. Kila nyumba ya rika la mama ina kabati la namna hiyo. Mle ndimo vinamokaa vikombe vyenye maua ambavyo hakuna anayevinywea, hotipoti za zawadi na sinia kubwa la kung'aa lililosimamishwa kama jua. Nyuma ya lile sinia, juu ya kitambaa cha kufuma, ikiwa imefunikwa kitambaa kingine cha kufuma, ndipo ilipokuwa ruta yetu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga ya mama.

Elias alisimama mbele ya kile kioo kwa muda.

"Mama, nani aliyeifungia humu?"

"Mimi."

"Imefanya kosa gani?"

"Kosa tena? Kitu cha thamani kinakaa kabatini. Ulitaka nikiweke wapi, jikoni?"

"Lakini umekivalisha sweta, mama. Na kimefungiwa ndani, hakipati hata hewa."

"Vumbi la Mkolani unalijua wewe?"

Mama alifungua. Elias akaitoa ruta, akanipa niishike. Ilikuwa ya moto kama kikombe cha uji.

"Hii ndiyo inayokukata," alisema. "Inachemka, inachoka, inajizima kidogo, inaamka. Na hata ikiwa macho, mawimbi yake yakitoka yanagonga sinia, yanarudi. Unachopata chumbani kwako ni makombo."

Tuliiweka juu ya stuli ndefu karibu na dirisha la sebuleni, wazi, bila kitambaa. Mama aliitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalishwa barazani wakati kiti cha ndani kipo.

Elias alifanya kazi huku anaongea, na mimi nilikaa sakafuni nimeegemea kochi, namsikiliza nusu na nusu nimelala. Waifai, alisema, waachie wenye simu. Wewe unayecheza unataka waya. Akapitisha waya wa mita kumi na tano chini ya mkeka, ukutani, hadi kwenye kompyuta yangu chumbani. Akaingia kwenye mipangilio. Ruta yetu na za majirani zote zilikuwa kwenye chaneli moja, kama watu sita wanaozungumza kwa pamoja ndani ya chumba kimoja. Akatuhamishia chaneli isiyo na mtu. Akaipa kompyuta yangu kipaumbele, yaani yakitokea msongamano, yangu ipite kwanza na wengine wasubiri. Kisha akafunga betri ndogo kati ya ruta na soketi, ili umeme ukikatika ruta isijue.

Halafu akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Akainua kichwa.

"Mama, humu ndani mnaishi wangapi?"

"Mimi na huyu."

"Hapa vipo vifaa thelathini na kimoja."

Mama hakushtuka. "Ni watu wa jumuiya. Na Mama Chenge, na wanawe. Na yule mwalimu wa jirani."

"Umewapa nywila?"

"Si ni karibuni? Mtu akiingia kwangu namwambia karibuni. Mengine anajua mwenyewe."

Ni kweli. Nywila yetu ilikuwa neno hilo, karibuni, kwa herufi ndogo. Mama ndiye aliyelichagua.

"Tuibadilishe," Elias aliniambia mimi. "Hawa wote wakifungua video kwa pamoja…"

"Muibadilishe kisha niwaambie nini?" mama aliuliza. "Mtu anakuja kusali kwangu, namnyima mtandao, halafu nampa rosari? Bora akute sina unga."

Elias alinitazama. Kesho yake saa kumi jumuiya ilikuwa inasali kwetu, zamu yetu. Nilijua tangu mwezi uliopita. Ningeweza kubishana. Siku nyingine ningebishana. Lakini nilikuwa nimebishana na watu mia mbili siku ile kuhusu picha.

"Iache," nikasema. "Kipaumbele kinatosha."

Tukapima. Kuna namba inayoonyesha muda ambao amri yako inatoka hapa, inafika kule na kurudi, kwa sehemu za elfu za sekunde. Kabla Elias hajafika ilikuwa mia moja themanini, na ilirukaruka hadi mia nne. Sasa ilisoma thelathini na nane. Tukakaa dakika kumi tunaitazama. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Thelathini na nane. Sikujua kwamba namba inaweza kumpumzisha mtu hivyo.

Nilimsindikiza Elias hadi nje. Akazunguka nyuma ya nyumba, upande ambao mama hapiti, akanyoosha kidole juu ya bati, kwenye mlingoti wenye kisahani kinachotazama mnara wa kilimani. Kutoka kwenye kisahani ulishuka waya mweusi, ukapita dirishani, ukaingia kwenye ruta.

"Kitu kimoja, na nilikuambia siku ile ya kwanza. Radi ikianza, kuchomoa umeme hakutoshi. Huu hapa ndio mlango. Ikipiga mlingoti, inashuka na huu hadi ndani. Uchomoe, uutupe nje dirishani. Mama anajua?"

"Anajua," nikasema.

Hakuwa anajua. Kwa miaka miwili sikumwambia, na sababu ilikuwa Mjomba Okumu. Kaka yake mama alikufa kwao Rorya, mimi nikiwa darasa la pili. Mawimbi ya redio yalikuwa hayashiki, akafunga waya juu ya mti na kuuingiza dirishani ili asikilize mpira. Wingu likaja. Watu walimwambia azime. Akasema haina shida, dakika zimebaki chache. Walimkuta amekaa vilevile, redio mapajani. Tangu hapo, mama akisikia ngurumo, hata kama ni ya mbali, anafunika vioo na kuchomoa kila kilicho ukutani. Ningemwambia kuna mlingoti na waya, angepanda juu ya bati mwenyewe kwa panga. Mtandao ningeusahau. Basi nilijiambia kwamba nitakuwa nauchomoa mimi, na mara nyingi nilifanya hivyo.

*

Jumamosi nilitoka kazini saa saba, nikalala kwa muda wa saa moja, nikaamka kichwa kizito. Saa tisa na nusu kina mama walianza kuingia. Nilisikia makubazi mlangoni, hodi, karibuni, simu zikilia zikiunganishwa.

"Favour yuko wapi?" Ilikuwa sauti ya Mama Chenge, jirani yetu.

"Chumbani. Ana mechi."

"Mechi ya kweli?"

"Ya kwenye kompyuta. Anacheza na mtu wa Sengerema."

"Mtu wa Sengerema yuko humo chumbani?"

"Yuko Sengerema."

"Ee, Mama Favour, na wewe unakubali?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mlango ukiwa umefungwa. Namba ilisoma thelathini na nane.

Saa kumi kamili tukaanza. Mechi nzima huchezwa kama dakika kumi na mbili za saa ya ukutani, ila kwenye skrini zinahesabiwa tisini. Luhaga alicheza kama anavyoandika, mbio na kelele. Dakika ya kumi na tano akanifunga. Sikuyumba, kwa sababu kila nilichobonyeza kilitokea pale pale nilipokibonyeza. Hamjui utamu wa kitu hicho mpaka mkikose kwa mwaka mzima. Nikasawazisha dakika ya thelathini na tatu. Dakika ya sitini nikapita katikati ya mabeki wake wawili, nikaweka mpira kona ya chini. Mbili kwa moja. Sebuleni walikuwa kwenye fumbo la tatu la rozari.

Dakika ya sabini ngurumo ya kwanza ikasikika, upande wa Usagara.

Nilimsikia mama akiinuka. Friji likanyamaza. Televisheni ikachomolewa. Halafu mlango wangu ukafunguliwa, na mama akasimama na kanga mkononi, akafunika kioo changu cha ukutani. Mama ni Mjaluo, na herufi z haijawahi kukaa vizuri mdomoni mwake.

"Nyara, sima," alisema. Mwanangu, zima.

"Mama, hii inatumia betri. Angalia, haijachomekwa kwenye umeme."

"Na ile ya sebuleni? Nimeitoa ukutani, bado ina taa."

"Hiyo nayo ina betri. Elias aliifunga jana."

"Kwa hiyo haina umeme?"

"Haina."

"Haina shida?"

Vidole vyangu havikuacha kubonyeza. Sikugeuka. "Haina shida, mama."

Aliiweka kanga sawa juu ya kioo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Akafunga mlango taratibu, asinisumbue. Mvua ikaanza kupiga bati. Kupitia kelele ile nikamsikia akiwaambia wenzake: "Kaeni tu, kaeni. Mwanangu amesema haina shida. Mama Chenge, hapo mlangoni unalowa. Sogea huku dirishani, kaa karibu na stuli."

Karibu na stuli ndipo ulipopita waya mweusi.

Dakika ya sabini na tano. Luhaga akapiga mwamba. Nje pakawaka, na nikajikuta nahesabu kama tulivyofundishwa utotoni, mwanga hadi mlio. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Bado iko mbali. Dakika ya sabini na saba. Pakawaka tena. Moja, mbili, tatu. Namba kwenye skrini bado ilikuwa thelathini na nane, imetulia, nzuri kama nini. Dakika ya sabini na tisa nikashinda kona. Zilibaki dakika kumi na moja, na dakika kumi na moja za mchezo ni dakika moja na nusu ya kweli. Dakika moja na nusu! Maji ya chai hayachemki kwa muda huo. Mchezo wa mtandaoni hausimamishwi. Hakuna kumwambia mwenzako nisubiri.

Dakika zimebaki chache. Nililisikia neno hilo kichwani mwangu, na halikuwa na sauti yangu.

Pakawaka. Moja…

Niliacha kila kitu. Nilipita sebuleni nikiwa pekupeku, katikati ya Salamu Maria, kina mama wakiwa wamefumba macho. Mama Chenge alikuwa ameegemeza mgongo ukutani, na waya ulipita kando ya bega lake kama mtoto aliyemlalia.

"Samahani, mama, inama kidogo."

Nikauchomoa. Nikausukuma nje kupitia kwenye nondo za dirisha, ukaanguka kwenye matope, ukalala huko. Nilipogeuka, mama ndiye pekee aliyekuwa amefumbua macho. Aliangalia mkono wangu, akaangalia dirisha. Midomo yake iliendelea kusali.

Chumbani wachezaji wangu walikuwa wameganda, mmoja mguu hewani, kona haijapigwa. Kisha weusi. Kisha maandishi: *Mawasiliano yamepotea. Mpinzani wako ameshinda.*

*

Radi haikupiga mlingoti. Haikupiga hata mti. Ilinguruma juu yetu kwa robo saa, ikachoka, ikaelekea ziwani. Nilikuwa nimelala kitandani nikitazama dari, nikisubiri mlio mmoja mkubwa, nipate kusema, mnaona? Haukuja.

Mama aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ule waya unatoka wapi?"

"Juu ya bati. Kuna mlingoti."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofungiwa mtandao."

"Miaka miwili." Alikunja pindo la kanga, akalikunjua. "Na leo nimekuuliza, ukasema haina shida."

"Nilisema."

"Okumu naye alisema hivyohivyo."

"Najua, mama."

Nilisubiri anigombeze. Nilitamani anigombeze, maana kugombezwa kuna mwisho. Yeye alinyoosha mkono, akafunua kioo changu, akaikunja ile kanga magotini.

"Mechi imekwishaje?"

"Nimetoka."

"Alikufunga?"

"Nilikuwa naongoza."

"Yaye," mama alisikitika kwa Kijaluo, polepole. Akanishika mguu, juu ya shuka, akaubana kama anavyofanya nikirudi kazini umevimba. "Kesho utanionyesha huo waya unachomolewaje. Wingu likija uko kazini, nani atauchomoa?"

Kutoka sebuleni Mama Chenge akaita: "Favour mwanangu! Mvua imekwisha, mbona mtandao hamna?"

Mama alifumbua mdomo amjibu. Niliona anatafuta neno kali, na kwamba neno kali alilolipata lilikuwa la kunitetea mimi. Nikamtangulia kuinuka. Nilitoka nje, nikauokota waya, nikaufuta matope kwa upindo wa gauni, nikasubiri hadi kichwa chake kikauke vizuri, nikauchomeka. Taa za ruta zikawaka moja baada ya nyingine. Halafu simu za jumuiya nzima zikalia kwa pamoja, kila moja na mlio wake, na kina mama wakashangilia kama watu waliofungiwa mtandao leo.

Kwenye kompyuta nilikuta ujumbe wa Luhaga, wa nusu saa iliyopita.

"Dada, umekimbia?"

Ningeweza kuandika mengi. Niliandika, "Radi. Inakuja huko kwenu."

Alijibu hapohapo. "Naiona. Bibi ameshafunika kioo, ananitazama kwa jicho baya."

"Mtandao wenu una waya unaotoka juu ya bati?"

Akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Upo."

"Uchomoe. Uutupe nje."

"Saa hizi? Ndiyo kwanza naangalia marudio ya bao langu."

"Umeshashinda, Luhaga. Unasubiri nini?"

Kando ya jina la kila mchezaji kuna kidoti cha kijani kinachoonyesha kwamba yupo. Nilikitazama cha kwake. Upande wa pili wa ghuba wingu lilikuwa jeusi, na ngurumo zilikuwa zinafika Mkolani zimechelewa, zimechoka kama mimi. "Haya," akaandika, na kidoti kikazimika.

Nikafunga kompyuta, nikalala na gauni langu lenye matope.